Disque Zilikuwa Nzima

Jumatatu, tarehe 3 mwezi wa sita

Nimebadilisha disque ya tatu. Mara ya ine tangu Pasaka. Ilikufa Jumamosi, nimeikuta leo asubuhi na taa nyekundu. Mwenye kutuuzishia aliapa kama ni original. Wote wanaapaka.

Naandika ili kesho nisijidanganye. Serveur, mashini yenye kuchunga fiche zetu zote, iko na disque sita. Moja ikikufa, zile tano zinabeba kazi yake mpaka niweke ingine. Mbili zikikufa pamoja, kwisha. Ndani muko fiche za watu wenye walipotezana mu kukimbia vita: jina, picha, pahali muntu alionekana. Wa Karuba, wa Bihambwe, wa Burungu. Copie ya mwisho ilienda Goma mbele barabara ifungwe. Tangu pale hakuna ingine. Nimebakia na disque mbili za akiba.

Mama Riziki, mwenye kutusafishia na kutupikia ku bureau, ameuliza tena kama fiche za kambi za Walikale zimefika. Binti yake Furaha alipotea siku walikimbia Karuba. Nimejibu: bado. Anaulizaka kila Jumatatu. Inanichokesha, na najua si vizuri inichokeshe.

Jumatano, tarehe 5

Leo si ya tatu. Ni ya tano. Saa ine kamili, katikati ya kazi.

Joto: sawa. Courant: sawa, betri ziko na nguvu. Kamba zote nimebadilisha. Sasa inabaki nini? Maji. Mama Riziki anapangusaka chini na maji mengi, unyevu unapanda. Nimemukataza kuingia mu salle ya serveur. "Sawa, Papa Ingénieur," amesema, na ameweka ndoo chini kwa nguvu. Kisha akaanza kunielezea kitu juu ya sahani zake za jikoni. Sikumusikiliza. Niko na kazi, sina wakati ya sahani.

Alhamisi, tarehe 6

Agent wetu wa Walikale amefika na pikipiki. Matope mpaka ku magoti. Carte mémoire ndani ya plastiki, plastiki ndani ya soksi. Barrière saba mu barabara, amesema. Nimeingiza fiche zake zote mu serveur, nimefuta carte, nimemurudishia, anarudi nayo kesho. Njo kanuni: carte hairudi mu barabara na majina ya watu, juu wale wenye kusimama ku barrière na bunduki wanajua kusoma. Ile kanuni niliandika mimi.

Mama Riziki alisimama ku mulango. Hakuingia. Nikamwambia serveur ingali inajijenga na disque mupya, fiche hazifunguliwe mpaka imalize. Arudi Jumamosi. Kumuangalilia ingenikamata dakika mbili. Lakini kanuni ni kanuni.

Jumamosi, tarehe 8

Saa tatu na nusu. Ya pili na ya tatu, pamoja.

Nimeogopa. Naandika vile iko. Nilikaa chini ku simenti, sikujua nianzie wapi.

Mama Riziki alikuja saa ine, kama nilimwambia. Nikasema hakuna. Akauliza: hakuna jina, ao hakuna mashini? Nikasema mashini. Akaenda kupika.

Jumapili, tarehe 9

Sikuenda ku misa. Nimebeba disque zote zenye nilitoa tangu Pasaka, nimezifunga moja moja ku ordinateur yangu ya nyumba, ku meza. Zinasoma. Nimezipima tena kisha chakula. Zinasoma zote, hakuna hata moja iko mugonjwa.

Basi hazikukufa. Kuna kitu kinazisumbua mpaka serveur inazikatia tamaa na kuzifukuza. Mimi nilikuwa nazika wazima.

Jumatatu, tarehe 10

Leo Mama Riziki hakuuliza juu ya Walikale. Alisimama ku mulango, akasema: "Papa, unikubalie nimalize ile neno ya sahani."

Sahani zake zinaangukaka siku ya soko. Jumatano na Jumamosi. Etajere ya jikoni, yenye anapangaka sahani, iko ku ukuta moja na serveur, ukuta wa mbao. Ngambo ya ule ukuta kuko moulin ya Papa Muhindo, ule mucuruzi wa Butembo. Siku ya soko watu wanamuletea mihogo ya kusaga kutoka milima yote. Moulin ikizunguka, mbao zinatetemeka na sahani zinatembea zenyewe mpaka ku ukingo.

Nimefungua daftari ya pannes, mwenye naandika kila disque inakufa. Jumamosi. Jumatano. Jumamosi. Jumamosi. Jumatano. Jumamosi. Kati ya saa tatu na saa saba, zote. Ile daftari naandika mimi mwenyewe na sikuwahi kuisoma.

Na serveur haiko tu karibu na ukuta. Imefungwa ku ukuta, maboulon munane ya chuma, yanapita mbao mpaka ngambo, na mutetemeko wote unaingia mu disque. Niliyafunga mimi. Ku bureau ya zamani waliiba kila kitu chenye kubebeka, hata milango, na niliapa hii haitabebeka. Kikulacho kiko mu nguo yako. Ku masomo tulikuwa tunaisema kwa sauti, bila kuifikiri.

Nilimukataza mama wa watu kuingia, na ni yeye mwenye alijua. Nasikia haya.

Jumatano, tarehe 12

Jana nimetoa maboulon. Serveur iko chini, katikati ya salle, juu ya godoro yangu. Nimeilazimisha ikubali disque zake, pole pole, moja kisha ingine. Imekubali tano. Ya sita inajijenga.

Leo soko. Nilitoka kwenda kuomba Papa Muhindo azimishe moulin. Nikaona laini ya wamama wenye kukimbia vita, kila mumoja na basini ya mihogo, watoto ku mugongo. Nikarudi. Imesaga mpaka saa saba. Hakuna disque hata moja imeanguka.

Nimeomba Mama Riziki musamaha. Amesema chai iko ku meza.

Alhamisi, tarehe 13

Serveur imenipa orodha ya fiche zenye hazisomeke. Ni chache. Ni zile ziliingia mwisho, wakati ilikuwa inajijenga. Za Walikale.

Jina Furaha iko ndani. Fiche yake ni tupu: pahali, tarehe, namba ya simu, hakuna. Picha inafunguka nusu. Paji la uso, macho, kisha kijivu mpaka chini.

Nimepanda mulima kutafuta réseau ya simu, nimepata agent. Anakumbuka ule musafara: alipitia kambi tatu, aliandika mabinti wengi. Hajue huyu alikuwa mu kambi gani. Carte nilifuta mimi. Siku ile ningefungua fiche, ningesoma pahali. Dakika mbili.

Ijumaa, tarehe 14

Nimemwambia yote. Maboulon, kanuni, zile dakika. Hakukasirika, na ile iliniumiza kupita matusi.

Nikamuonyesha picha. Nikasema: Furaha ni wengi, mudomo hauonekane, siwezi kuhakikisha.

"Wewe huwezi," amesema. "Mimi njo nilimuzaa."

Ameomba nimutolee picha ku karatasi. Nimemutolea. Amechukua mukasi ya bureau, akakata kijivu yote, akaiacha ku meza yangu, akabeba macho. Nilitaka kumuandikia nyuma majina ya zile kambi tatu. Akakataa. Aliyasema mara tatu mbele yangu, mpaka yakamukaa mu kichwa. Picha ameweka ndani ya kitambaa cha kichwa.

Ametoka saa sita, pamoja na wamama wenye kupeleka maharagi upande wa Walikale. Ni siku ine kwa miguu mpaka kambi ya kwanza.