Meneja wa Pasi

Jumapili, 2 Machi

Daftari, hujambo? Mimi sijambo. Nesi wa kliniki kasema presha yangu inapandishwa na mawazo. Mama, kasema, mawazo yako yaandike, usilale nayo. Haya. Lakini kuandika ninakokujua mimi ni barua tu, na barua huanza kwa salamu, basi pokea. Mzee wangu hajambo, ila sikio la kushoto limegoma. Ukimwambia lete sahani, analeta sabuni. Mjukuu wangu hajambo. Ana miaka minne, na kila neno linalodondoka nyumba hii analiokota na kulirudia, ndiyo maana tukamwita Kasuku. Paka hajambo. Jirani yangu Mama Sindano, fundi cherehani, hajambo, na hata nisipomuuliza ataniambia. Na binti yangu, mama yake Kasuku — huyu nimemweka mwisho makusudi, kama mtu anavyosukuma nyama pembeni mwa sahani — huyu hajambo sana!

Kapandishwa cheo!

Pale kiwandani wanakofua shuka za mahoteli, alikuwa mpiga pasi. Tangu jana ni Meneja wa Pasi. Kapewa beji ya kubandika kifuani. Mshahara sasa ni wa mwezi, si wa kuhesabiwa saa, kama wakubwa wenyewe. Nimeishika ile beji nikalia. Mzee kauliza, nani kafa?


Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia Mama Sindano. Nimemwambia muuza mkaa. Nesi nimemwambia, na hakuuliza. Nyumbani neno limenikaa mdomoni kama pipi. Hicho kiti cha meneja, usikalie. Nyamazeni, meneja kalala. Sufuria hiyo acheni, ni ya meneja.

Mama Sindano kaniuliza, uzi mdomoni, "Meneja wa pasi. Hizo pasi zikikosea anazifukuza kazi?"

Wivu huo. Nikamwambia asije akameza sindano.

Mchana Kasuku kaangalia sahani iliyofunikwa, kauliza, "Meneja atakula saa ngapi?" Tulicheka! Mzee kacheka pia, ingawa alidhani mtoto anataka maji.


Jumamosi, 8 Machi

Wiki nzima sijamwona mwanangu mchana. Anatoka mtoto kalala, anarudi mtoto kalala. Leo nimemkamata mlangoni. Nikamwambia, si mbaya, mwisho wa mwezi ovataimu itakuwa nono.

"Mama, meneja halipwi ovataimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni meneja."

"Hata ukikaa mpaka saa nne usiku?"

"Nitakuwa meneja."

"Na ukilala huko huko?"

"Nitakuwa meneja aliyelala."

Ndiyo alivyoambiwa na bosi. Sheria, anasema bosi, haimhesabii meneja saa za ziada, maana meneja ni mtu mkubwa, anajipangia mwenyewe. Akaniambia hayo anavua viatu. Kiatu cha pili hakikufika chini — kasinzia kakishika mkononi kama simu.

Nimekaa nikafikiri. Kumbe kupandishwa kuko kwa namna mbili. Kuna mtu kupandishwa ngazi, na kuna punda kupandishiwa magunia.


Jumapili, 9 Machi

Leo sitaki kucheka, lakini nitaandika.

Binti alikuwa nyumbani, mara moja katika wiki. Kasuku kalala mchana, kaota vibaya, kaamka anapiga kelele, "Mama! Mama!" Mwanangu alikuwa anasuka nywele zake, kaacha kitana kimening'inia kichwani, kakimbia. Mtoto kamsukuma kwa mikono miwili. "Si wewe, Meneja. Namtaka Mama."

Akaninyooshea mikono mimi.

Mimi! Mimi ni bibi! Nikasema, huyu ndiye mama yako, mimi ni bibi. Kasuku kaniangalia kama mtu anayedanganywa. "Huyu ni Meneja," kasema. "Umesema wewe."

Ni kweli. Nimesema mimi. Wiki nzima.

Mwanangu kacheka, akarudi kwenye kitana. Lakini nakijua kicheko chake. Hicho hakikuwa chake, alikiazima.


Jumatatu, 10 Machi

Nimemfungia chakula nikampelekea kazini, nikaone huo umeneja kwa macho yangu. Nimevaa gauni la kutokea. Getini nikamwambia mlinzi, kwa kiburi kidogo — Mungu anisamehe — "Naomba kuonana na meneja."

"Unaye mbele yako."

Nikageuka nyuma. Hakuna mtu. Mlinzi akafungua koti. Beji! Meneja wa Geti.

"Hongera, baba. Mimi namtafuta meneja mwingine."

"Wa ufagio au wa sabuni?"

Hapo akapita mama mmoja na ndoo, kainama mpaka mgongo umekuwa daraja. Na beji kifuani. Meneja wa Sakafu. Nikashika nguzo ya geti nisianguke.

"Sasa ndugu yangu, hapa nani si meneja?"

Mlinzi kafikiri. "Yule paka."

"Na yule naye anakesha na panya bila kulipwa," kasema yule mama wa ndoo. "Mpeni beji, mnamwonea!"

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka, mpaka nilipomwona mwanangu kupitia dirisha la pembeni. Mvuke umejaa. Anavuta shuka, anakunja, anavuta nyingine. Nikatafuta watu anaowaamrisha. Nikaona shuka tu. Mwenzake wa kulia ni Meneja wa Foronya, wa kushoto Meneja wa Taulo, na kila mmoja anavuta kivyake kama amefungwa kwenye mashine.

Chakula nimekiacha kwa Meneja wa Geti. Nahisi kakionja. Meneja huyo, ana uamuzi wake.


Jumanne, 11 Machi

Sijalala. Asubuhi nimekwenda ofisi ya kazi. Sijamwambia mtu, Mzee nimemwambia naenda sokoni, kasema haya, niletee kofia.

Nimekuta dada mdogo ana mafua. Nikamwambia, mwanangu, nina rafiki yangu, ana binti.

"Ehe. Binti wa rafiki yako ana nini?"

Nikamweleza. Kapiga chafya, kaniuliza pole pole kama anayepima homa. Anaajiri watu?

"A-a."

"Anafukuza?"

"Nzi."

"Anapanga zamu?"

"Anapangwa."

"Mtu akitaka kwenda nyumbani, yeye anaweza kumruhusu?"

"Hata yeye mwenyewe hajawahi kujiruhusu."

Kaweka kitambaa chini. Kasema sheria haisomi beji, inatazama mtu anafanya nini. Anayeongoza watu kweli, huyo ndiye hana saa za ziada. Anayevuta shuka, hata umwite mfalme wa pasi, saa zake zinahesabiwa. Kasema mwambie binti yako aje mwenyewe.

"Wa rafiki yangu."

"Mwambie basi rafiki yako anywe maji. Anatetemeka."

Nimerudi bila kofia. Mzee kauliza sokoni kulikuwaje. Nikasema bei zimepanda kwa mafua.


Jumatano, 12 Machi

Nimemsubiri, nimemwambia yote. Nilitegemea atafurahi. Kachukua kijiko, anakoroga chai isiyo na sukari.

"Mama, nikisema nafukuzwa. Nisiposema, mwanangu ananiita Meneja. Nichague lipi?"

Mimi nina wasiwasi tu, huo ninao wa kutosha mtaa mzima. Nikamwambia labda tungoje kidogo. Nikasikia nilivyosema, nikajichukia.

Mzee alikuwa kwenye kona anapiga randa mguu wa kiti. Tulidhani hasikii. Kumbe alikuwa katuelekezea sikio la kulia.

"Nikiandika KABATI kwenye hiki kiti," kasema, "nguo zitakaa?"

Binti kamwangalia baba yake. Kisha kaanza kucheka, safari hii kicheko chake mwenyewe, kile cha kukoroma puani tangu mdogo. Kacheka mpaka Kasuku kaamka. Akasema, "Baba, si nguo. Kiti kikiitwa kabati, basi na kijifungie mlango chenyewe."

Sikuelewa. Kambusu mtoto kichwani. Kasuku kafumba macho, kasema, "Usiku mwema, Meneja." Mwanangu kasema, "Kesho utaona meneja."

Moyo wangu! Nikauliza, ataona nini? Kasema, Mama, lala.

Lala, anasema. Mimi!


Alhamisi, 13 Machi, jioni

Naandika mbio mbio, usinicheke mwandiko, daftari.

Kanipigia saa kumi na moja na kitu. Kelele nyuma yake, watu wanacheka, geti linalia. Anaongea upesi kama mtoto aliyevunja sahani. Kasema zamu ilipokwisha bosi kaja kama kawaida, kasema shuka za hoteli ya pili zimeingia, hakuna kutoka. Mwanangu kamwambia kwa adabu, "Sawa, bosi. Ila mimi ni meneja, na meneja anajipangia mwenyewe. Nimejipangia kwenda nyumbani." Akavua aproni akaikunja vizuri.

Meneja wa Foronya kasema naye kajiruhusu. Meneja wa Taulo kasema amefikiria kwa kina suala hilo, naye kajiruhusu. Yule mama wa ndoo kasimamisha ufagio ukutani, kauambia, "Na wewe kapumzike." Wakatoka wote, mashine zikabaki zinapumua zenyewe. Bosi nyuma yao, anapiga kelele geti lisifunguliwe!

Na mlinzi — ah, yule mla chakula cha watu, Mungu amzidishie! — kamwambia bosi, "Samahani, mkubwa. Geti lina meneja."

Akafungua.

Nimecheka peke yangu jikoni mpaka chai imefurika jiko likazimika. Mama Sindano kaja mbio, kadhani nalia. Nilikuwa nafanya vyote viwili.

Lakini hapo hapo, simu ikiwa sikioni, nimesikia sauti ya mwanamume inaita. Inamwita yeye, si wote. Binti kashusha sauti. Kasema, "Mama, ananiita ofisini. Peke yangu. Wenzangu wanasema watanisubiri nje, hawaendi." Nikamwambia usiende! Kisha nikasema nenda! Kasema, "Lipi, Mama?" Nikasema mwambie sheria haisomi beji. Kasema, "Nitamwambia." Simu ikakatika.

Tangu hapo kimya. Nimempigia, inaita tu. Giza linaanza kuingia. Mama Sindano kaleta cherehani ya mkono kashonea hapa kwangu, eti kwake taa hafifu. Muongo. Mzee kakalia kile kiti alichokitengeneza, kakielekeza mlangoni, sikio la kulia mbele. Chakula nimekifunika. Sijasema ni cha nani.

Kasuku kaja kaniangalia nikiandika. Kaniuliza neno. Nimemwomba alirudie, nikamwomba tena. Kwa mara ya kwanza sikuchoka na kasuku.

Nimekata shauri kumwandikia ujumbe kwenye simu. Sijui kufupisha, atanisamehe. Nanukuu hapa, nisije nikasahau nilichosema:

Mwanangu mpenzi, hujambo? Sisi hatujambo. Baba yako hajambo, anasikia. Mama Sindano hajambo, anakusalimu, anasema ukifukuzwa kuna cherehani ya pili, na usipofukuzwa pia ipo. Paka hajambo. Mimi sijambo kidogo. Mtoto hajambo, kala, kakataa kulala, yuko dirishani. Kaniita Bibi. Halafu kauliza mama anakuja saa ngapi. Kasema mama, mwanangu. Hakusema lile neno lingine. Sijamjibu, nakungoja wewe. Tujibu upesi, hata neno moja tu.