Bawa Dogo Nililomchagulia Mdogo Wangu

Mmenitupa, na msiniambie mlikuwa na kazi nyingi. Nyinyi wasomaji wangu mkiwa na raha hamjui hata ukurasa wangu gazetini uko wapi, mnaufutia vioo vya madirisha. Yakiwafika shingoni ndipo mnakumbuka kwamba kuna bibi. Huyu aliyeandika leo ni mmoja wenu. Alipoachika nilimpokea hapa ofisini, akalia mpaka meza yangu ikalowa, nikambembeleza kama mwanangu wa kumzaa. Alipopata nafuu akapotea, hata salamu hakuna. Barua yake nimesomewa na mjukuu wangu, nikamwambia arudie pale katikati, maana sikuyaamini masikio yangu. Isomeni nanyi, halafu nitasema naye.

*

Bibi mpendwa, shikamoo. Najua nimepotea na sina uso wa kuja mlangoni kwako, ndiyo maana naandika, na nakuomba unisaidie kwa sababu nimemfanyia mdogo wangu wa tumbo moja jambo ambalo kila nikitaka kulisema ulimi unakuwa mzito.

Bibi, mimi ni mwalimu wa mbao za tanga kwenye klabu ya hapa ziwani, zile mbao ambazo mtu anasimama juu yake ameshika tanga na upepo unamsukuma, na kazi hii nimeifanya muda mrefu mpaka watu wameacha kuniita kwa jina, wananiita Kocha, hata mdogo wangu akiwa na utani ananiita hivyo. Sasa siku hizi imeingia foili, ni chombo kinachofungwa chini ya ubao, kina nguzo inayoshuka majini, na mwisho wa nguzo kuna mabawa kama ya ndege, moja mbele na jingine dogo nyuma, na ukipata mwendo lile la mbele linakunyanyua, ubao wote unatoka majini unakwenda kimya kama umebebwa, huko ndiko tunakuita kuruka. Kazi yote ipo kwenye kuchagua hilo bawa la mbele. Kubwa, kama letu la elfu moja na mia tisa, ndivyo tunavyoliita kwa ukubwa wake wa sentimita za mraba, linakunyanyua mapema hata kwa upepo wa kukausha nguo kwenye kamba, nalo limetulia. Dogo, kama letu la mia nane, linataka upepo mkali, mwendo, na mtu aliyekwisha kuzoea, na kama una mwili ndiyo kabisa, halikusikilizi. Hayo nayajua, Bibi, nawafundisha watu, nawaambia tazama uzito wako, tazama upepo wako, halafu ndipo uchague.

Lakini langu mwenyewe sikulichagua hivyo. Mwanafunzi wangu wa zamani alikuja likizo, akafunga lile dogo na kuruka mbele ya klabu nzima, watu wakampigia makofi, na mimi kwa wivu nikasema kwa sauti kwamba bawa kubwa si bawa, ni sinia, ni la wanaoogopa maji, watu wakacheka na jina likabaki hilo hilo, sinia. Baada ya hapo ningelifungaje mimi sinia? Nikachukua dogo, na mpaka leo, Bibi, sijaruka mruko wa kueleweka, naburura ubao kama mtu anayevuta kabati sakafuni, nikirudi nchi kavu nasema upepo wa leo mbovu, na kwa kuwa ni mimi wanaamini.

Mdogo wangu ni muuguzi, ana watoto wawili, na baada ya yule wa pili alinenepa, na mumewe ana mdomo, anamtania mbele za wageni, "Mama watoto, mlango huo pita ubavu," naye hucheka pamoja nao, halafu akifika kwangu analia. Ni mimi niliyemwambia njoo ziwani uchangamke. Akaja, akapenda, tanga akalishika upesi kuliko nilivyotegemea, kisha akasema sasa anataka kuruka. Mtunza stoo alikuwa ameshalishusha lile kubwa ukutani na kulipangusa, akasema, "Dada muuguzi, hili hapa ndilo lako." Mdogo wangu akanigeukia. "Kocha, nichukue lipi?" Na hapo, Bibi, nikaona kabisa kwamba akifunga kubwa ataruka siku hiyo hiyo, na watu watauliza mbona dada mtu haruki. Nikamwambia chukua dogo, kubwa litakuzoesha uvivu. Mtunza stoo akasema, "Kocha, kwa upepo huu?" Nikamwuliza mbele ya wote mwalimu hapa ni nani. Akalirudisha ukutani, na mdogo wangu akamwambia, "Usijali kaka, dada yangu ndiye anayejua."

Alianguka mpaka nikaacha kutazama. Mwanzo alikuwa akiibuka anacheka, anatema maji, anasema tena, tena. Baadaye akawa anaibuka kimya. Alipotoka alikaa kwenye ngazi za stoo, taulo mabegani, akasema, "Dada, labda ni huu mwili." Bibi, pale pale nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema, "Ukipungua kidogo utaruka."

Tangu siku hiyo hali chakula. Nyumbani anasema amekula kazini, kazini anasema amekula nyumbani, suruali yake ya kazi anaibana kwa pini, na mkono wake ukiushika ni wa baridi. Juzi alishika ukuta wodini, akateleza nao mpaka chini, wenzake wakamlaza kwenye kitanda cha wagonjwa, na nilipofika alinitabasamia, midomo imekauka, akasema, "Usinigombeze, Kocha, nimebakiza kidogo tu. Nikifika uzito wako nitaruka." Bibi, mimi mwenye uzito huo siruki.

Nimefikiria jambo, nataka uniambie kama ni sawa. Akipata nafuu akarudi ziwani, nitauteremsha ubao wake majini kabla hajafika, nikiwa nimeshafunga lile bawa kubwa, foili ikizama huwezi kujua ni lipi lililo chini, mtunza stoo nitamwomba anyamaze, mdogo wangu ataruka, atafurahi, na lile neno langu litakufa lenyewe bila mtu kujua. Si nitakuwa nimemsaidia bila kumuumiza? Nijibu, Bibi, naona haya hata kujitazama kwenye kioo.

Ni mimi, Kocha, mtoto wako uliyemsahau.

*

Marahaba, Kocha. Sijamsahau mtu. Aliyepotea ni wewe, na hata hapo mwisho wa barua unataka lawama nibebe mimi. Anza kwa kuacha tabia hiyo.

Haya unayo, na sitakuondolea. Iache ikae, ndiyo iliyokushikisha kalamu.

Mimi foili siijui, maji yangu ni ya kuoga na kufulia. Lakini umenieleza mpaka nimeelewa, mimi ambaye darasa nililipita kwa nje, kwa hiyo kufundisha unaweza, na ndiyo maana huna pa kujificha. Angekosea mtu asiyejua ningempa pole. Wewe bawa ulilijua, upepo uliuona, mwili wa ndugu yako umekuwa nao tangu mnalala kitanda kimoja, kisha ukachagua kwa kutazama macho ya watu. Ulitaka kufa na tai shingoni. Sawa, shingo ni yako. Lakini hukuivaa peke yako, umemvalisha na mdogo wako, na yeye ndiye aliyeanguka wodini.

Sasa hiyo hila yako. Hebu ifuate mpaka mwisho, usiishie pale panapokupendeza. Unafunga bawa kubwa kwa siri, anaruka. Atafurahi, sikatai. Halafu atasema nini akishuka? Atasema njaa imenifaa. Atarudi nyumbani apunguze hata kile kidogo alichokuwa anakula, kwa sababu sasa ushahidi anao, umempa wewe. Mumewe naye atasema, si unaona. Neno lako halitakuwa limekufa, Kocha, litakuwa limegongwa muhuri. Mdogo wako atakufa huku anaruka.

Unaniandikia kwamba hutaki kumuumiza. Mwanangu, ameshaumia. Anayetafutiwa asiumie hapo ni nani? Jibu unalijua, usiniandikie.

Kwa hiyo nenda. Ziwani achana nako kwanza. Nenda nyumbani kwake asubuhi, kabla hajaenda zamu, shemeji yako akiwa ametoka, maana haya ni yenu wawili na yeye akiyasikia atayafanya utani. Ingia jikoni upike wewe, kitu chepesi, kidogo kidogo, tumbo lililozoea kufungwa halijazwi kwa mara moja kama gunia. Kaa naye mezani. Mwambie hivi na usipambe: bawa nililokupa halikuwa lako, nilijua si lako, nilikupa kwa sababu mimi mwenyewe siruki na niliogopa uruke mbele yangu watu wakaona. Mwili wako haukuwa na kosa, na lile neno la kupungua lilikuwa uongo. Basi. Hapo nyamaza. Usitie "lakini" wala "unajua ilivyo".

Na usilie. Nakujua machozi yako hayako mbali. Ukilia, yule ni muuguzi, ataacha kidonda chake aje kufunga chako, na utaondoka pale wewe umebembelezwa na yeye chakula kimempoa. Lia ukifika kwako.

Akikufukuza, toka, kesho urudi. Akikutupia sahani, inama. Akikaa kimya, kaa naye kimya mpaka akuambie ondoka. Kusema kweli hakumlazimishi mtu akusamehe siku hiyo, wala mwezi huo, na usianze kumtumia watu waje kukuombea.

Halafu apimwe. Anafanya kazi hospitalini, hana pa kusingizia njia ni ndefu. Mtu aliyeanguka kwa kujinyima chakula hutazamwa na daktari, hatazamwi na dada yake. Na kama ameshaujua ukweli na bado mkono hauendi kwenye sahani, hilo limetuzidi mimi na wewe, mwambie daktari hivyo hivyo bila kuona haya, haya yako umeshaitumia vibaya inatosha.

Shemeji yako mwenye utani wa mlangoni siku yake itafika, aina yake naijua, leo ni zamu yako. Ila nikwambie kitu. Yule mwanamume amemrushia mdogo wako maneno muda wote huo na mdogo wako hakuacha kula. Aliacha kwa neno lako moja. Mume alikuwa anamtania; wewe alikuwa anakuamini. Hilo ndilo lililonifanya nimwambie mjukuu arudie kusoma.

Ukimaliza nyumbani, ndipo uende ziwani, siku ambayo klabu imejaa. Shusha hilo sinia lako ukutani ulifunge chini ya ubao wako, nimesema wako, na upande mbele yao. Watacheka. Waache wacheke, wewe ndiye uliyewafundisha kulicheka. Ukiruka au usiporuka, rudi nchi kavu uwaambie kwa sauti ile ile uliyoitumia siku ile kwamba bawa linachaguliwa kwa uzito wa mtu na nguvu ya upepo, na kwamba la kwako na la mdogo wako uliyachagua kwa wivu. Pengine kuna mwingine kati yao anayeburura kabati kwa sababu yako na hajakuambia. Mtunza stoo mwombe radhi hapo hapo, mbele za watu, si kwa kumnong'oneza nyuma ya mlango, kwa kuwa ulimzima mbele za watu. Alisema kweli na ukamuuliza mwalimu ni nani. Siku hiyo mwalimu alikuwa yeye.

Mdogo wako akitaka maji tena, akitaka mwenyewe nasema, usimvute mkono, mpe bawa kubwa akiliona kwa macho yake na kulifunga kwa mikono yake. Mpe nguzo fupi, akianguka asianguke kutoka juu sana, na tanga ambalo mikono yake inalimudu, na kofia ngumu kichwani, na awe amekula, na daktari amesema nguvu zimerudi. Akiruka, wa kwanza kumpigia makofi uwe wewe. Asipotaka kuyaona tena hayo maji, ubao utakaa stoo na dunia itaendelea. Hakuna aliyeandikiwa kwamba lazima aruke. Kula, kila mtu ameandikiwa.

Nimepandisha sauti kwa sababu nakupenda, jinga wee. Mtu mbaya angefunga lile bawa kwa siri na kulala usingizi. Wewe umeshindwa kulala, ukaniandikia. Sasa amka uende, gazeti hili likikukuta bado hujatoka nyumbani, liweke chini uvae viatu.

Na ukija tena hapa kwangu, usije peke yako. Njoo naye, akiwa tayari kuja, hata kama ni baada ya muda mrefu. Atakaa yeye karibu yangu anisimulie habari hii yote tangu mwanzo, kama alivyoiona yeye. Wewe utakaa kule pembeni, na hata akikosea ukubwa wa bawa, usimsahihishe.