Lita Arobaini na Nane

Kawangware, 14 Juni 2025

Kwa Mama,

Mko aje huko Sarang'ombe? Mdogo wangu Timothy ameanza kucheka? Mimi sijambo, ni baridi tu ya bweni. Simu haturuhusiwi, kwa hivyo barua hii ataileta shangazi Nafuna akitoka sokoni pale steji ya 56.

Mama, nina hofu na lile jiko la makaa mnaloingiza ndani usiku. Leo tumefanya hesabu za moli na ujazo wa gesi. Moli ni kipimo tu, kama gorogoro, ule mkebe wa kupimia mahindi. Gramu kumi na mbili za kaboni ni moli moja, na moli moja ya gesi yoyote hujaza lita ishirini na nne. Makaa gramu mia mbili arobaini ni moli ishirini: yakiungua, lita mia nne themanini za gesi. Hata sehemu moja tu ya kumi ikiwa ile ya sumu, isiyo na harufu, ni lita arobaini na nane. Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, na vile Baba ameziba kila tundu kwa nailoni, hizo zinaua mtu mzima. Tafadhali jiko likae nje.

Binti yako,
Mitchelle

Sarang'ombe, 22 Juni

Mitchelle mwanangu,

Tu wazima, tunamshukuru Mungu. Timothy anamchekea kila mtu, hata mwenye nyumba.

Hongera kwa masomo, lakini usinipimie nyumba yangu na hilo gorogoro lenu. Makaa naingiza yakishakuwa mekundu, moshi umeisha. Huko Busia nyanya yako alitulea hivyo watoto saba, kwa nyumba ya nyasi, na sote tuko. Mtoto wa miezi mitatu akipigwa na baridi hii ni nimonia. Wewe soma, uache kuogopa.

Mamako,
Lenah

Sarang'ombe, 9 Julai

Mitchelle,

Leo sina salamu. Shangazi atakuwa amekuambia. Jumanne ya wiki iliyopita niliamka kichwa kinapasuka, miguu haina nguvu. Timothy alikuwa kimya, nikadhani amelala. Jana tumemzika.

Watu wanasema ni nimonia. Niambie ukweli: ile hesabu yako ilikuwa sawa?

Mamako

Kawangware, 12 Julai

Mama yangu,

Pole. Pole sana. Nimelia mpaka macho yamefura.

Nimerudia hesabu. Nilikosea, nilisahau kugawa kwa elfu. Gesi yenyewe haingejaza hata glasi moja. Ilikuwa nimonia, Mama, usijilaumu. Ila jiko liache nje, kwa ajili yangu tu.

Binti yako,
Mitchelle

Sarang'ombe, 20 Julai

Mwanangu,

Unakula vizuri? Hapa tunajikaza.

Plot ya nyuma, zile nyumba za kupanga, anakaa Gichuru, mwalimu wa kemia. Nilimpelekea barua zako zote mbili, akapiga hesabu upya mbele yangu, polepole. Ya kwanza ndiyo sawa. Nililia hapo mlangoni kwake, sikuona haya.

Najua kwa nini ulinidanganya na sijakukasirikia, lakini usirudie. Seline wa mlango wa pili amejifungua juzi. Jiko lake liko ndani, na nilipomwambia alitoe alinicheka, ati moshi umeisha. Niandikie ile hesabu ya kwanza kwa herufi kubwa, usipunguze kitu, na chini yake uandike jina la ndugu yako. Nitamsomea Seline mimi mwenyewe.

Mamako,
Lenah