Ukurasa wa Mikono

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja tena watu wa leseni za uchapishaji. Wawili, viatu vinang'aa, adabu tele — adabu ya mtu aliyekuja kukupima shingo. Yule mrefu kasema kitabu tunachomchapia Mwalimu, mgeni wangu aliyetoka jela, kina sura moja "inayoleta utata". Sura ya tano. Ile ya seli ya maji, walivyomsimamisha gerezani ndani ya maji mpaka ngozi ya miguu ikamenyeka kama kiazi. Nikamuuliza: utata uko kwenye sura au kwenye maji? Akatabasamu kama jino linamuuma.

Wakasema tuitoe hiyo sura, kitabu kiende zake. Tusipoitoa, Jumatatu ijayo watakuja kukagua, na watataka kujua kila mkono uliokishika.

Nikawaambia chai ipo, sura haitoki.

Wakanywa chai! Na sukari wakaongeza.

Jioni mwanangu mkubwa kapiga simu. Kashasikia — kuta za mji huu zina masikio na midomo pia. Mama, kitabu kina sura kumi na mbili, nani atajua imepungua moja? Nikamwambia wewe una vidole kumi, kata kimoja uone nani atakiulizia. Kacheka, kisha kaniuliza kama milango nimeifunga. Ananiogopea, najua. Na mimi namwogopea yeye, kwa huo woga wake.

Jumanne, 4 Machi

Nimekaa na Mwalimu nyumba ya nyuma. Watu walinicheka nilipoijenga. Eti mchapishaji anafungua gesti ya wafungwa! Ndiyo. Mtu akitoka ndani, mke kahama, kodi imekatika, alale wapi? Vitabu vya hesabu vya watoto ndivyo vilivyoijenga. Ndivyo vinavyomlipa wakili wa waliofungwa bila kesi, na nauli za mama zao siku ya kuwaona. Hesabu za darasa la tatu zinatoa mtu jela! Mimi ambaye darasa sikuliona hata dirishani.

Mwalimu kaniambia: Bibi, itoe tu. Mimi nimeshatoka, wewe ndiyo kwanza wanakuingiza.

Nikamwambia anisikilize vizuri. Nilianza kwa kufagia vipande vya karatasi chini ya mashine ya bwana mmoja aliyeniita "wewe" miaka yote, jina hakulijua mpaka akafa. Herufi nilizifahamu zikiwa za risasi, zile za kupanga kwenye mashine, baridi, zimegeuka kinyume. Shule yangu ni hiyo. Wanawe hawakutaka mashine chafu, mimi nikaitaka. Sikuhangaika kujua kusoma ili uzeeni nijifunze kufuta.

Kalia, yule baba mzima. Nikampa kanga yangu ajifute, nikamwambia pua apenge kwake, si kwenye kanga.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimegombana na watu wangu wenyewe.

Sisi tuna desturi. Kila kitabu chetu, ukurasa wa nyuma kabisa, kina majina ya wote waliokigusa: aliyeendesha mashine, aliyekunja, aliyeshona, aliyepaka gundi, hata aliyechemsha chai. Tunauita ukurasa wa mikono. Niliuanzisha mimi, kwa sababu ya lile "wewe".

Nikawaita chumba cha kukunjia. Nikasema hiki kitabu kinatoka na sura yake ya tano, ila ukurasa wa mikono utabaki mweupe. Jina liwe langu peke yangu, la mchapishaji, kule mbele.

Mshonaji akaweka sindano chini. Huyu nilimwokota mlangoni mwa gereza, mimba mpaka puani, mumewe yuko ndani. Nilimlea kama wa tumboni mwangu. Akanikazia macho: Kwa hiyo Bibi, haki za binadamu ni zako, sisi yetu ni kushona?

Ulimi wa mwanamke huyu!

Nikasema nawakinga. Akasema hata yule mrefu wa leseni anasema anatukinga. Fundi mashine akajificha nyuma ya marundo ya karatasi, acheke vizuri.

Nikawafukuza warudi kazini. Kampuni ni yangu! Mkubwa ni jalala, leo wamenimwagia za wiki nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Wanashona. Hawaniongeleshi. Chai imeletwa baridi. Poa tu — nimeinywa yote, tena mbele yao.

Jumamosi, 8 Machi

Mungu wangu, hawa watu!

Nimefungua kitabu cha juu kwenye rundo, nikageuza nyuma. Ukurasa nilioagiza ubaki mweupe — vidole! Vidole gumba, wino mweusi wa mashine, vimepangwa kama vifungo vya shati. Na chini ya kila kimoja, kwa kalamu: nimekunja. Nimeshona. Nimepaka gundi. Nimechemsha chai. Nikafungua cha pili. Cha tatu. Rundo zima!

Nikapiga ukelele. Mshonaji akaja anajifuta mikono. Si ulisema majina yasiwepo, Bibi? Hayapo. Tumetii.

Wametii! Nikawaambia enyi vichwa vya mbuzi, jina mtu anaweza kulikana. Kuna wenye majina kama yenu mji mzima. Kidole je? Askari wanakesha kutafuta alama za vidole, nyinyi mmewapelekea zimepangwa, na kazi ya kila mmoja chini yake!

Fundi mashine akatazama kidole chake kama cha mtu mwingine. Akasema, lo.

Lo! Hiyo ndiyo akili niliyoiajiri.

Nikachukua kisu cha vitabu nikate ule ukurasa mwenyewe. Mshonaji hakunizuia. Akaniuliza tu, polepole, na pacha wake? Kweli. Karatasi ya kushona ni moja iliyokunjwa katikati. Ukikata huku, ya upande wa pili wa uzi inalegea, inadondoka. Pacha wa ukurasa huo ni pale Mwalimu anapofika nyumbani, mama yake anamwosha miguu.

Nikaweka kisu. Nikamwangalia yule mwanamke. Nikamwuliza, unaogopa? Akasema sana. Akarudi kushona.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamua. Vitabu vitoke leo, kabla ya watu wa leseni kuja. Wake na mama za wafungwa wamekuja na vikapu, wamebeba. Mwanangu mkubwa naye katokea na gari, hakunitazama usoni. Kajaza mpaka kiti cha mbele. Nikamuuliza kama ameisoma sura ya tano. Kasema nikiisoma sitaweza kuendesha. Nikambusu kipara chake. Mkubwa huyo, ananuka woga na petroli, na kaenda!

Jumatatu, 10 Machi

Wako ofisini kwangu. Naandika nimesimama chumba cha nyuma, nimewaambia naenda kuvaa viatu. Viatu nimevaa tangu alfajiri.

Wamekuja na kitabu chetu — wamekinunua! Mrefu kakifungua nyuma, kauliza vidole hivi ni vya nani. Nikasema vyangu. Vyote? Vyote. Bibi, una vidole gumba kumi na kimoja? Nikasema ukizaa na kulea vinaongezeka. Mwenzake akaangalia dari asicheke. Mrefu akatoa kidau cha wino, akasema atalinganisha. Kisichokuwa changu, mwenyewe atatafutwa.

Nilitaka yaniangukie mimi. Watanifanya nini? Wanisimamishe kwenye maji? Magoti yangu yenyewe yana maji.

Lakini nasikia viti vinaburutwa. Mashine imezimwa. Mshonaji, na ile sauti yake ya sokoni: Afisa, anza na mimi, nina mtoto wa kumchukua shule. Yule wa gundi naye anasema yeye alitangulia. Wanagombania foleni! Fundi mashine anauliza kama wino wa serikali unatoka kwa sabuni.

Wapumbavu wangu. Wanangu.

Mrefu ananiita. Bibi, waambie hawa watu wakae! Ananiomba mimi. Na sauti imempanda, si ya adabu tena.

Kalamu mkono huu, kitasa mkono huu, na bado sijui — nikitoka niwafukuze hawa wanangu kwa ufagio, au niulize wa mwisho kwenye mstari ni nani, nisimame nyuma yake