Mchapaji wa Pili

Fes, Jumamosi

Dada Touria,

Hatujambo. Mume wangu Driss kanunua mashine ya kuchapa chapati za maji: inachora kwa uji juu ya chuma cha moto. Nyumba sasa ina wachapaji wawili. Mimi taya limefungwa waya, siwezi kusema, na kalamu zote alizificha.

Unajua baghrir, chapati zetu za maji, hazigeuzwi; upande wa chini hauonekani sahanini. Jana, mbele ya wageni, nilimwandalia mama yake moja. Upande wa chini nilichapa: "Mwanao kanivunja taya."

Mama mkwe akaiinua achovye asali. Akasoma, akaila yote. Nikajua kanizika.

Kisha akamkamata Driss mkono wa kulia, akaumiminia chai inayochemka.

"Uliniambia kaanguka bafuni, mshenzi we!"

Leo kalamu nimerudishiwa, na Driss anakula kwa kushoto.

Mdogo wako,
Ghizlane