Safari ya Kwenda Kuliona Geti

Jumatatu, 3 Juni

Likizo imekubaliwa. Siku kumi na nne! Mkuu wa ofisi alisaini bila kuinua uso, kisha akauliza kwa adabu tu naenda wapi kiangazi hiki. Nikamwambia nampeleka mama yangu kutazama vitu. Vitu gani? Bonde, maporomoko, daraja la reli, na geti. Hapo uso ukainuka. Geti? Ndiyo, geti.

Sikumweleza zaidi. Angeelewa nini yule. Ile tamthilia ya televisheni Mama aliitazama na Baba kwa miaka tisa, kila siku baada ya chakula cha jioni. Baba alipofariki akaendelea peke yake. Ilipokwisha akahamia kwenye marudio. Wahusika wote anawaita "watu wangu", na geti la bluu ndilo la nyumba yao. Anayerudi, anayefukuzwa, anayeleta habari ya msiba — wote hupitia pale. Baba alikuwa akisikia tu geti linalia, anasema: haya, mambo hayo. Waliipiga picha kwenye nyumba ya kweli, mji wa kweli, mbali na hapa. Baba aliahidi kumpeleka. Hakujaliwa.

Na macho ya Mama yanakwisha. Presha ya macho. Daktari alisema mwaka juzi yataondoka polepole. Mama anasema ni ukungu kidogo tu. Kwa hiyo ni kiangazi hiki, si kijacho. Nataka aone kabla hayajakwisha. Basi.

Jumatano, 5 Juni

Nimemaliza kuchora njia. Kilomita mia sita na arobaini, vituo sita. Kila kituo nimeweka alama mahali pa kusimamisha gari ili jua liwe nyuma yetu, lisimpige Mama usoni. Mpimaji mwenzangu alisimama nyuma yangu akacheka mpaka akakohoa. Watu wanakwenda kutembea, anasema, wewe unakwenda kufanya upimaji. Ndiyo kazi ninayoijua! Miaka kumi na nane nachora ramani za viwanja vya watu. Si bure nyumbani na kazini jina langu ni Rula.

Jumamosi, 8 Juni

Kwa Mama. Dada anaishi naye, cherehani yake iko sebuleni karibu na televisheni. Tulikuwa tunatazama marudio, na dada na tabia yake ile — anatangaza! "Huyo kaingia na gauni jekundu. Kaweka barua juu ya kabati. Mumewe hajaiona." Huku mguu unakanyaga cherehani. Nikamwambia, dada, si sote tunaona? Akanitolea jicho. Mama akasema nimwache, ndiyo raha yake.

Nikanuna mpaka mwisho. Mtu mzima nimenuna kwa ajili ya gauni jekundu.

Jumapili, 16 Juni

Sijui niandikeje.

Nilipeleka picha. Nilizichapa ofisini kwenye ile mashine kubwa ya ramani, kila moja upana wa meza, ili Mama aonje safari kabla. Dada alikuwa ametoka. Nikamketisha Mama dirishani, nikamtajia mapema kama mwalimu: ya kwanza maporomoko, ya pili daraja, ya tatu geti lenyewe.

Ya kwanza akasema, lo, maji yote hayo. Ya pili akasema daraja refu, sitathubutu kulipita. Nikafungua ya tatu. Haikuwa geti. Ilikuwa ramani ya viwanja ya kazini, imejichanganya kwenye furushi — mistari myeusi, namba, karatasi nyeupe tupu. Nikafungua mdomo kuomba radhi. Mama akanitangulia.

Akapitisha kiganja juu ya karatasi, polepole, akatabasamu. "Ndilo lenyewe," akasema. "Bluu ile ile. Laiti baba yako angeliona."

Nilikunja karatasi. Nikasema ndiyo, Mama, ndilo. Nikaenda jikoni nikafungua bomba nikayaacha maji yatiririke ili asinisikie.

Jumatatu, 17 Juni

Nimemfuata dada kwenye duka la nyuzi. Sikusalimu. Nikamuuliza tangu lini. Hakujifanya haelewi, namshukuru kwa hilo. Tangu mwaka jana, kabla ya kiangazi. Anaona mwanga na kivuli, anajua dirisha liko wapi, basi. Nyumba ameishika kwa hatua: kumi na moja kutoka kitandani hadi sebuleni.

Kwa hiyo gauni jekundu. Barua juu ya kabati. Mwaka mzima dada amekuwa macho ya Mama, na mimi nimekaa pale namkemea!

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umemsaidia kuficha. Dada aliendelea kuchagua uzi. Akasema Mama alimwapisha, na safari ilipotajwa akamwapisha tena. Maneno ya Mama yalikuwa haya: "Rula akijua, safari hakuna. Atasema ya nini, na atakuwa na haki. Na mimi nataka kwenda."

Nimeyaandika ili nisiyasahau. Mbaya zaidi ni kwamba Mama ananijua. Wiki mbili zilizopita ningesema hivyo hivyo: ya nini?

Alhamisi, 20 Juni

Sijaahirisha. Wala sijamwambia Mama kwamba najua. Sote watatu tunacheza tamthilia yetu sasa.

Leo nimetazama marudio nimefumba macho. Mwanzoni ni kelele tu. Kisha nikaanza kuisikia nyumba ile: ngazi, saa ya ukutani, kikombe. Na geti. Linalia mara mbili, kwanza juu, halafu chini, kama mtu anayeguna kwa kutoamini. Mama akainua kidevu kabla halijamaliza. "Haya, mambo hayo," akasema, kwa sauti ya Baba kabisa.

Nimeelewa anachokwenda kutafuta. Nimefuta zile alama za jua kwenye ramani yangu. Zote sita.

Jumanne, 25 Juni

Ole wangu na kupenda uhakika! Mtu mwingine angeacha. Mimi nilitaka kujua kama geti bado linalia, au wamelitia mafuta. Mpimaji ana shemeji aliyefanya kazi ya sauti kwenye tamthilia ile, sasa amestaafu. Nimempigia.

Mzee mcheshi. Maporomoko, anasema, ni ya kweli, hayo hayahitaji msaada. Lakini geti? Geti lile halijawahi kulia hata siku moja. Ni chuma kizuri, linafunguka kimya. Mwongozaji alitaka lilie, kwa hiyo yeye akang'oa bawaba ya kabati la jikoni kwake, yenye kutu, akaishika mbele ya kinasa sauti akaikunja na kuikunjua. Mkewe alimnunia wiki nzima kwa sababu ya lile kabati. Akacheka sana. Mimi nikajikaza, nikacheka kidogo.

Kisha nikamuuliza kama bado anayo. Akauliza ya nini. Nikamweleza yote, mtu nisiyemjua, kwa simu, nimesimama kwenye korido ya ofisi.

Jumamosi, 29 Juni

Bawaba imefika. Mpimaji ameniletea, imefungwa kwenye gazeti. Kipande cha chuma cha urefu wa kidole. Nimeikunja mara moja. Juu, halafu chini. Miaka tisa ya jioni za wazazi wangu inakaa kiganjani.

Nimemwonyesha dada, nikamwambia nitaikunja mlinzi wa nyumba ile akifungua geti, Mama hatajua. Dada akaitazama. "Mama kakudanganya wewe, sisi tunamdanganya Mama," akasema. "Sasa na geti nalo tulifundishe uongo?"

Nimeitia mfukoni.

Jumatatu, 8 Julai

Tumeondoka. Dada nyuma na vyakula, Mama mbele nami, mkanda umemkaa, mkoba magotini kama anayekwenda kwenye mahojiano ya kazi.

Saa tisa bondeni. Nikasimamisha gari. Upepo mwingi. Mama akasema maridadi, maridadi sana — akiwa ameelekea kwenye choo cha wasafiri. Dada akamshika mabega akamgeuza taratibu, akijifanya anamfunga mtandio.

Basi nikajaribu kutangaza, kama dada. Nikasema bonde hili lina upana wa kilomita kumi na mbili hivi. Ukingo wa pili uko chini kuliko huu, kwa mita themanini. Kuna barabara moja, inapinda mara saba. Nilijisikia mjinga! Mama akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, hujataja rangi. Nikasema kahawia, Mama, na mahali pengine kama mkate uliokaribia kuungua. Akacheka akanipiga mkono. Nimeendesha kilomita arobaini nikifurahia ule mkono.

Jumatano, 10 Julai

Maporomoko. Yule mzee alisema kweli, hayahitaji msaada. Mama alisimama uso umelowa, amefumba macho kabisa, hajifanyi chochote. Nami nikafumba.

Daraja tukalipita kwa miguu. Alithubutu.

Alhamisi, 11 Julai

Naandika ndani ya gari. Tumefika. Ni barabara ya kawaida, kuna duka la vipuri na mti mmoja. Mlinzi wa nyumba amekwenda kutafuta funguo, amesema dakika kumi. Dada amekwenda kuomba maji. Mama hakutaka kungoja ndani. Nimemfikisha getini, amesimama na kiganja juu ya chuma.

Geti si la bluu. Wamelipaka kijivu, kijivu cha ofisi za serikali. Na bawaba zake ni mpya, nimeziona, zinang'aa mafuta. Halitalia. Namwona Mama anatayarisha uso wake, kidevu kimeshainuka kidogo, na mimi nina geti lake mfukoni.

Nimejaribu kupanga. Nisimame wapi, mkono upi, nianze mlinzi akizungusha ufunguo au akisukuma. Ni hatua nne kutoka kwake hadi kwangu. Atasikia kitambaa cha mfuko. Anasikia kila kitu. Itakuwaje akijua? Na asipojua, nitaweza kumtazama usoni njia nzima ya kurudi? Siku ile ya karatasi nilisema ndiyo, Mama, ndilo. Tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Ameita. Hakugeuka, mkono bado uko juu ya chuma.

"Rula, nasikia kalamu. Iweke. Njoo uniambie — bado ni la bluu?"

Ameniuliza. Mama ameniuliza rangi, hakujifanya anaona.

Machozi yamelowesha ukurasa huu. Mlinzi anakuja, funguo zinalia mkononi mwake. Bawaba nimeitoa mfukoni, nimeiweka juu ya kiti cha Mama. Naenda