Fungu la Falaniko

Nukunonu,
Tokelau.
Tarehe 9 Novemba 2013.

Mpendwa mdogo wangu Falaniko,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote walioko nyumbani kwako Porirua. U hali gani? Najua swali hilo sasa si la adabu tu, kwa hiyo nalirudia: u hali gani, hasa siku zile unazotoka kwenye mashine? Umeniandikia kwamba inakusafisha damu mara tatu kwa wiki, na kwamba ukitoka hapo unasikia baridi mpaka kwenye meno. Mwambie binti yako Selepa awe anakuwekea blanketi ndani ya gari.

Sisi hatujambo. Goti langu la kushoto linanisumbua nikipanda ngazi za kanisa, lakini linanyamaza nikikaa, basi nakaa. Mwanangu Hale mzima, mkewe Meleka mzima ingawa pale zahanati wamebaki manesi wawili tu, na watoto wao wawili wanakula kana kwamba kesho chakula kitapigwa marufuku. Nyumba nzima ndio hao pamoja na mimi, watu watano.

Barua yako niliipata Septemba, na tangu hapo meli tatu zimekuja na kuondoka bila jibu langu. Si kwamba nilikosa karatasi. Umeniuliza jambo moja: uiache mashine uje nyumbani, ufe huku na kuzikwa karibu na mama, au ubaki huko. Umesema daktari humsikilizi, wala Selepa humsikilizi, ila dada yako akisema njoo utakuja, na akisema baki utabaki. Umenitwisha mzigo, Falaniko. Nilikukasirikia siku tatu nzima, na siku ya nne nikaanza kukufagilia chumba.

Ningeweza kupiga simu. Lakini simu iko sebuleni kwa Hale na kila anayepita huchangia mazungumzo, na pia wewe na mimi tungesema nini? Tangu nilipovunja ungo hatujawahi kukaa chumba kimoja na kuzungumza. Ukiingia kwa mlango huu, mimi natoka kwa ule. Ndivyo tulivyolelewa, kaka na dada wanaheshimiana kwa kupishana. Ulikuwa unaniletea samaki, unamweka kizingitini na kwenda zako, nami nilijua ni wako kwa jinsi ulivyompitisha ukuti matamvuani. Hata siku ulipoondoka, mwaka wa sabini na moja, serikali ilipokuwa inawachukua vijana kuwapeleka huko uliko kwa sababu kisiwa kimejaa na kimbunga kimetumaliza, wewe ulikuwa ufukweni na mimi nilikuwa nyuma ya jiko. Niliisikia mashua ikisukumwa. Sikutoka.

Miaka arobaini na miwili sasa. Karatasi haina aibu kama uso, basi acha niseme. Nimekukosa. Nimekukosa kila jodari wanapoingia, kila wanapoimba upande wa wanaume kanisani na ile sauti ya chini kabisa haipo. Watu husema mtu huzoea. Mimi sikuzoea, nilinyamaza tu.

Sasa nikueleze aibu niliyoifanya, maana najua binamu yetu Lotana ameshampigia simu dada yake aliye huko, na hutaki kuisikia kwa Lotana.

Ilikuwa mwisho wa Septemba, wiki ile ile ya barua yako. Wanaume walirudi na jodari wengi, zaidi ya mia tatu, na inati ikaitishwa, kijiji kizima kije kugawiwa. Samaki wakamwagwa pale uwanjani, watu wa kugawa wakaanza kutaja nyumba moja moja na kuhesabu vichwa. Goti lilikuwa limetulia, basi nikaenda mwenyewe na kikapu. Anayetaja siku hizi ni Sakalia, mtoto wa marehemu Pelenato, na ana mdomo kama baba yake.

"Nyumba ya Nive. Wangapi?"

"Sita," nikasema.

Nakuapia, lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimeamka nao huo wimbo kichwani: Hale, Meleka, watoto wawili, mimi, Falaniko.

Sakalia akasimama na samaki mkononi. "Sita? Tangu lini? Meleka namuona pale, tumbo halina kitu. Au ni wewe, mama, umetupa mshangao uzeeni?"

Watu wakacheka, hata Padri. Mimi nami ningecheka, nikasema nimekosea, yakaisha. Badala yake nikasema, "Falaniko."

Kicheko kikakatika. Unajua mwenyewe, Falaniko. Aliyepo huhesabiwa, hata mtoto wa jana usiku huhesabiwa na kupewa samaki sawa na mwenyekiti wa wazee. Aliyeondoka hahesabiwi, hata akiwa nani.

"Falaniko amefika?" akauliza Sakalia, kwa sauti nyingine.

"Yuko njiani."

Akawatazama wazee waliokuwa wamekaa pembeni. Mzee Alosio akakuna kidevu, akakuna tena, kisha akasema, "Mwekeeni. Kama yuko njiani, atakuta samaki."

Nikarudi na mafungu sita. Nyuma yangu nikamsikia Lotana: "Basi na mimi nihesabiwe wangu tisa walioko Sydney. Nileteeni toroli." Nikaendelea kutembea, kwa sababu safari hii alikuwa na haki.

Samaki wako niliwaweka kwenye friza. Hakuna aliyewagusa. Watoto waliuliza mara moja, nikawatazama, hawakuuliza tena.

Ningejua neno moja lingefika wapi, ningeuma ulimi. Jumatatu asubuhi naona vijana juu ya paa la nyumba ya baba, wanabadilisha mabati. Nani amewatuma? "Wazee. Si kaka yako anakuja?" Wanawake wa upande wetu wakaanza kusuka mkeka wa mkadi, ule mwembamba, na hakuna aliyesema ni wa nini, lakini sote tulijua mkeka wa aina hiyo hautandikwi chini ya aliye hai. Nami nikaketi nikasuka pamoja nao. Nilisuka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nilikuwa naona namna utakavyolala chumba cha mashariki, nikuletee shelisheli la kuchoma na tembo tamu la asubuhi, na kwa kuwa wewe ni mgonjwa na mimi ni mzee, hakuna ambaye angetushangaa tukikaa pamoja. Hata kwa siku chache tu, tungeongea.

Nikamuuliza Meleka hizo siku chache ni ngapi. Tulikuwa tunapara samaki. Hakuinua uso.

"Mama, unataka jibu la mkwe au la nesi?"

"La nesi."

"Bila mashine ni siku kumi. Kumi na mbili akiwa na bahati. Na ndani ya hizo toa za kusubiri meli Apia, toa siku moja na nusu ya baharini."

"Kwa hiyo anafika na siku ngapi?"

"Huenda tano. Huenda anafika hasemi tena, amevimba, pumzi inamkata. Na huenda hafiki, mama. Meli ikichelewa Apia, hafiki." Akaosha kisu. "Lakini wapo waliokuja hivyo, na walifurahi kuuona ufuko."

Simwoni kuwa mkatili. Nilimwomba jibu, naye alinipa. Hata hivyo nilikwenda daraja la Motuhaga nikakaa pale hadi mchana, nikapiga hesabu kwa vidole. Siku tano. Ningezichukua, Falaniko. Ningezichukua hata tatu.

Kisha Selepa akapiga simu. Sijui kama amekuambia. Hakunisalimu sana, na alizungumza lugha yetu kwa kuikatakata kama wafanyavyo watoto waliozaliwa huko, lakini niliielewa yote.

"Shangazi, atakusikiliza wewe tu. Mimi ameshanifunga mdomo, ananiambia shangazi yako ndiye mwenye neno."

"Na wewe unataka niseme nini?"

"Daktari anasema akiendelea na mashine anaweza kuishi miaka minne, mitano. Tino wangu ana miaka saba. Babu yake anamfundisha kusuka nyuzi za kamba na kuimba. Sasa hivi anaimba sauti ya chini, shangazi, mtoto wa miaka saba, anakunja shingo ili aifikie." Halafu akasema, "Mimi sijawahi kuja huko. Sijui mnavyofanya. Lakini baba ni wetu pia."

Hale alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anatafuta viatu. Nilimwambia Selepa nimesikia, nikakata simu. Maneno mawili ya mwisho yalinibaki mwilini wiki nzima, wetu pia. Nani amemwambia mimi nadhani wewe ni wangu peke yangu? Lakini ndivyo nilivyokuwa nadhani.

Nilimkumbuka bibi Hiale. Wewe ulikuwa mdogo, sijui kama ulimsikia akisimulia habari ya mama yake, aliyekuwa msichana wakati meli za Peru zilipokuja na kuwachukua wanaume utumwani. Alisema wanawake walibaki ufukweni na wazee na watoto, na walipopata samaki kidogo wale wa kwanza, waliwawekea fungu waliochukuliwa. Kila nyumba iliweka. Siku ya tatu samaki wakaoza, na watoto wenye njaa walikuwa wamekaa wanawatazama. Ndipo mwanamke mmoja wa nyumba yetu, ambaye mumewe na kaka zake wawili walikuwa ndani ya meli, akayachukua mafungu ya waliokwenda akawamegea watoto wa wengine. Bibi alisema alifanya hivyo akilia kwa sauti, na mikono haikusimama. Hakuna aliyerudi. Nilipokuwa kijana niliona yule mwanamke alikuwa na moyo wa jiwe.

Kabla sijakupa jibu nikupe salamu, kwa sababu nikishaliandika sitaweza kuandika jingine. Hale anakusalimu, anasema nyavu zako za zamani bado anazo na ni mbovu. Meleka anakusalimu na anakukumbusha usile chumvi. Mzee Alosio anakusalimu, amekuwa kiziwi sikio moja na huligeuza kwa mkewe. Sakalia anakusalimu. Hata Lotana. Nisalimie Selepa na mumewe, na mpe Tino mkono wangu. Magimbi yametoka vizuri mwaka huu, nimempa kijana anayeleta barua hii matano, ukiyakosa muulize yeye. Mungu akulinde uendapo na urudipo kwenye hiyo mashine, na akupe usingizi usio na maumivu.

Sasa.

Mama alipokufa aliniachia mimi kazi ya kukaa nyumbani na kugawa. Kinacholetwa na wanaume wa ukoo kinapita mikononi mwangu, nami nakipeleka panapostahili. Nimefanya kazi hiyo miaka thelathini na hakuna aliyewahi kunung'unika, ukimtoa Lotana. Mgawaji huanza na wenye watoto. Fungu lake ni la mwisho, na siku nyingine halipo, naye hukung'uta mkeka akaenda zake. Wiki hizi zote nilikuwa nimeketi nawe mbele yangu kama samaki wa kugawa, na nilikuwa naanza na mimi.

Usije, Falaniko.

Baki na mashine yako na baridi yake. Mfundishe huyo mtoto sauti ya chini mpaka aiweze bila kukunja shingo. Nilikwenda kwa Alosio asubuhi ya leo nikamwambia kwamba hukuwa njiani, nilisema uongo mbele ya samaki, na Jumamosi ijayo nitasimama uwanjani niseme watano. Aliligeuza lile sikio zima, akanishika mkono, hakunigombeza. Paa la baba wataliacha jipya, na mkeka nitautumia mwenyewe, nadhani sitauchelewesha sana.

Usiku utakaponikasirikia, nikasirikie. Najua ulitaka niseme njoo. Nilitaka kulisema kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini mimi ndiye niliyepewa kugawa, na nimekugawa, na wewe mzima nimewapa wao wa huko.

Dada yako akupendaye, neno ambalo sikuwahi kukuambia na sasa limeandikwa,

Nive